Mti uko ndani ya fensi yangu, kibali cha nini tena?

SWALI: Habari mtaalamu. Nimenunua kiwanja kina miti mikubwa mitatu na vichaka vingi upande wa nyuma. Hati ninayo, iko kwa jina langu. Mti mmoja umeinama kuelekea pale ninapotaka kuweka msingi wa nyumba. Fundi wa chenso kaniambia mti ukiwa ndani ya fensi yako huhitaji kibali cha mtu yeyote, na kama naogopa halmashauri basi tuuue kwanza, ukishakauka tunasema umekufa wenyewe. Ameshaanza kuuchuna magome, amefika kama robo ya mzunguko wa shina nikamwambia asimame kwanza niulize. Je kweli kibali kinahitajika? Na greda la kusafisha huko nyuma naweza kulileta tu?

JIBU: Afadhali umemsimamisha. Wengi wananitafuta mti ukiwa chini tayari, barua ya halmashauri iko mezani na fundi hapokei simu, ndo wananiuliza sasa tufanyeje.

Kwa kifupi, kibali uwezekano mkubwa kinahitajika, na kwenye hilo la greda ndo zaidi. Ila ngoja nianze na hiyo habari ya fensi maana wiki haiishi sijaisikia, na mi kwa kweli imenichosha. Hati inasema ardhi ni ya nani, basi. Haikupi ruhusa ya kufanya lolote unalotaka juu yake. Mbona ukitaka kujenga hakuna anayeshangaa kupeleka ramani igongwe muhuri? Kiwanja chako, tofali zako, hela yako, na bado unapanga foleni na hubishi. Lakini ikifika kwenye mti kila mtu anageuka mwanasheria. Mti huohuo mizizi yake imeshavuka iko kwa jirani, maji ya mvua uliyokuwa unayapunguza kasi ukiutoa yanashuka kwa aliye chini yako, udongo nao unafuata. Halmashauri haina ugomvi na hati yako, inaangalia hayo yanayotokea nje ya fensi.

Sasa kinachoamua kama kibali kinahitajika ni ukubwa wa shina, aina ya mti, mahali ulipo na unaukata kwa ajili gani, na kila halmashauri ina kipimo chake, kwaiyo ukisikia mtu anakupa sheria moja ya miti yote kila mahali huyo mkimbie. Uingereza kwa mfano, ukiwa kwenye mitaa iliyotengwa kuhifadhiwa, mti wenye kipenyo cha kuanzia milimita 75 ukiupima mita 1.5 kutoka chini unatakiwa uitaarifu halmashauri wiki 6 kabla hujaugusa, na milimita 75 ni unene wa kikombe cha chai, siyo limti la kutisha. Singapore wao wanapima mzunguko, nusu mita tu kutoka chini, na ukizidi mita 1 mti umelindwa kama uko kwenye maeneo maalumu ya miti au kwenye kiwanja ambacho hakijajengwa. Umeona hapo? Kiwanja tupu kama cha kwako ndo kimebanwa zaidi, wakati watu wanaamini kinyume, kwamba kwa kuwa hakuna nyumba basi ni pori na pori halina mwenyewe.

Na tukiwa hapohapo, kuna kosa dogo linalosumbua sana kwenye fomu. Mtu anazungusha futi kamba anapata sentimita 100, anaandika kipenyo sentimita 100. Hapana. Huo ni mzunguko, kipenyo chake ni kama sentimita 32 (unagawanya kwa 3.14). Afisa akija na kipimo chake akakuta tofauti hiyo anaanza kukutilia shaka hata kwenye yale uliyosema kweli.

Haya, twende kwenye ushauri wa huyo fundi wako, kuua kwanza kisha kusema umekufa. Hapa naomba unisikilize vizuri. Anadhani amegundua mlango wa nyuma kumbe anakupeleka pabaya zaidi. Ukikata mti bila kibali kwa kutojua, umekosea, kuna sehemu watakuelewa kidogo. Ukiuua kwanza umeonyesha kwamba ulijua kibali kinahitajika ukaamua kudanganya, na hapo kesi siyo ileile tena. Alafu mti hausahau. Gome lililochunwa kwa panga haliachi alama sawa na gome lililodondoka kwa ugonjwa, kingo zake zimenyooka na mkato umeingia mpaka kwenye mbao. Wanaotoboa nao, matundu ya drili yaliyojazwa dawa ya kuua mti yanakuwa pale chini karibu na ardhi, mtu anayaziba kwa udongo au nta akidhani kamaliza, afisa akikwangua kidogo yanatokea yote yamepangwa kwa mstari kuzunguka shina. Mbao inachukuliwa kipande inapelekwa maabara, dawa ya magugu inaonekana. Picha za setilaiti zinaonyesha mwezi gani majani yalikuwepo na mwezi gani hayapo. Na mti mzima uliokuwa na afya hauanguki majani yote kwa wiki chache wakati wenzake wawili pembeni wamenawiri, hilo hata jirani asiyejua kitu analiona.

Tena dawa yenyewe haikai palepale. Miti ya aina moja ikiota karibu mizizi yao mara nyingi inaungana chini kwa chini, unamwekea sumu mmoja inahamia kwa mwenzake, na huyo mwenzake anaweza kuwa wa jirani au wa barabarani. Nimeshaitwa mahali mtu aliua mti wake mmoja ikafa mitatu, miwili siyo yake. Huo mmoja alikuwa amejiandaa kuutetea, hiyo miwili hakuwa na la kusema.

Na hiyo misumari ya shaba mnayoambiana muigongelee kwenye shina ili mti ufe, msijisumbue. Mti mkubwa unaiziba unaendelea na maisha yake.

Kuhusu mti uliokufa kweli. Ndio, sehemu nyingi mti mkavu au wa hatari una msamaha, lakini msamaha siyo ukimya. Hata kule Uingereza mti uliolindwa kwa amri maalumu ukifa unatakiwa utoe taarifa ya siku 5 za kazi kabla ya kuukata, na jukumu la kuthibitisha kwamba ulikufa ni la mwenye ardhi, na kwa kawaida unatakiwa upande mwingine hapohapo. Kwaiyo mpango mzima wa fundi wako hata ungefanikiwa ungekurudisha kwenye fomu ileile, safari hii ukiwa na uongo mfukoni. Bado sijasema kwamba mti mkavu ni hatari kuukata kuliko mbichi, matawi yanakatika bila kunong'ona na mbao haishiki, halafu atakayekuwa chini yake ni huyohuyo mshauri wako.

Nani atawajibika? Wewe. Hili nalirudia kila mahali. Fundi akikwambia "niachie mimi, namjua mtu pale halmashauri" muulize swali moja tu, kibali kitaandikwa jina la nani na naweza kukiona kabla hujawasha mashine? Fundi anayejua kazi atakuonyesha karatasi, atakuuliza hata kabla hujamuuliza, maana sehemu nyingi na yeye anashtakiwa. Wa dili atakwambia tunapoteza muda. Alafu wengine wanaleta ujanja wa kusema hatukati, tunapunguza tu kichwa. Wanakata juu kote unabaki mlingoti, baada ya muda mti unaanza kuoza kutokea juu, machipukizi yanayoota pale hayajashika vizuri yanadondoka na upepo, na kwenye halmashauri nyingi kupunguza namna hiyo kunahesabiwa ni kuharibu mti, kibali ni kilekile. Hakuna ulichookoa.

Sasa greda. Watu wanadhani sheria ni ya miti kwaiyo vichaka havina shida, leta mashine piga siku moja mambo yameisha. Kusafisha ardhi kuna kanuni zake zenyewe na mara nyingi ni kali kuliko za mti mmoja, sababu greda halichagui. Linabeba majani, miche, viota na ile tabaka ya juu ya udongo ambayo ndo yenye rutuba yote, linasukuma pembeni linakuachia udongo mgumu usioota kitu. Mvua ya kwanza ikija kwenye mteremko unaona mwenyewe tope linavyoshuka. Ndo maana utakuta masharti kuhusu umbali kutoka mtoni, ukali wa mteremko, majira ya ndege kutaga na ukubwa wa eneo. Na usije ukashauriwa usafishe vipande vipande, leo robo, mwezi ujao robo, ili kila kipande kiwe chini ya kiwango. Huo mchezo ni wa zamani, maafisa wanaujua na wanajumlisha.

Hata pale sheria inaporuhusu kusafisha bila kibali watu wanaivuta mpaka inakatika. Kule New South Wales Australia baada ya moto mkubwa wa mwaka 2013 waliweka utaratibu unaoitwa 10/50, kwamba ukiwa kwenye eneo lililotajwa kwenye ramani unaweza kuondoa miti iliyo ndani ya mita 10 kutoka kwenye nyumba, na vichaka vya chini, siyo miti, ndani ya mita 50. Kwa ajili ya moto. Watu wakasikia hamsini tu. Neno ramani hawakulisikia, neno vichaka hawakulisikia, na nyumba kwa wengine ilikuwa bado haijajengwa. Ndo ugonjwa wenyewe huo, mtu anabeba namba moja aliyoisikia kwa mtu anaacha masharti yake yote nyuma.

Kwako wewe, usiombe kibali cha miti peke yake kama ramani ya nyumba bado hujapeleka. Vipeleke pamoja, maana hata afisa wa mazingira atataka kujua nyumba inakaa wapi, na kuna uwezekano mkubwa ukisogeza msingi mita chache miti miwili haina haja ya kukatwa kabisa. Chukua kipenyo cha shina zidisha kwa 12, hilo ndo eneo la mizizi la kuacha bila kuchimbwa, kuanzia shinani kwenda kila upande. Ni kanuni wanayotumia Australia kwenye maeneo ya ujenzi na inasaidia popote. Shina la sentimita 50 linakupa mita 6. Mizizi mingi inayolisha mti iko kwenye sentimita 60 za juu, kwaiyo hata lori la mchanga kupita hapo kila siku bila kuchimba linaweza kuua mti taratibu, na kurundika simenti hapo pia.

Kwenye maombi weka picha za kila mti kutoka pande zote, mchoro wa kiwanja hata wa mkono, aina, kipenyo, sababu, na utapanda nini badala yake na wapi. Sababu iwe ya kweli. "Majani yanachafua" na "unaziba mandhari" hazijawahi kumsaidia mtu. Na kama udongo wako ni mfinyanzi waulize wahandisi kabla hujafurahia kuutoa huo mti wa karibu na msingi, kwa sababu ulikuwa unakunywa maji mengi pale, ukiondoka udongo unanyonya maji unavimba kwa miaka kadhaa, na nyumba mpya inapasuka kwa kukosekana mti. Hilo fundi wa chenso hawezi kukwambia maana hajui.

Kuhusu kuinama. Simama mbali uutazame. Kama shina limeinama sehemu ya chini lakini kadiri linavyopanda limejikunja kurudi juu, huo umeinama miaka mingi na umeshajirekebisha, kwa kawaida hauendi popote. Kama umelala mzima kama nguzo iliyosukumwa, na upande wa pili wa kuinama udongo umepasuka au umenyanyuka, hiyo ni hatari ya leo. Ukiwa hivyo weka kamba watu wasipite, piga picha, ipigie halmashauri simu, na kama inabidi ukatwe haraka kateni ile sehemu ya hatari tu na kisiki mkiache waje wakione.

Na hiyo robo aliyochuna. Mti wenye afya ukipoteza gome robo au chini ya robo ya mzunguko mara nyingi unapona wenyewe, hatari inaanza kuwa kubwa ukifika nusu. Usipake rangi, usipake lami, usipake kinyesi cha ng'ombe, mti unajifungia kidonda chake kwa ndani na hayo yote yanafungia unyevu tu. Kata nyuzi za gome zinazoning'inia kwa kisu kikali, kingo ziwe safi, umwagilie kama ni kiangazi. Alafu kwenye fomu andika wazi kwamba gome lilichunwa, na tarehe gani, na kwamba kazi ilisimamishwa. Piga picha ya kidonda leo, weka rula pembeni yake.