Miwani ya VR kwa walimu wapya: niliyoyaona Tanga

Mkuu, umeuliza kama chuo chenu cha ualimu kinunue miwani ya VR (ukiivaa unaona picha za kompyuta kana kwamba uko ndani yake) ili wanachuo wajifunze kudhibiti darasa kabla ya BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni. Nunueni, ila msikurupuke.

Mimi nafundisha shule ya msingi hapa Tanga mjini, na wanachuo wa BTP tunawapokea. Vijana wa mradi fulani walituletea hiyo miwani. Ukiivaa unajikuta mbele ya darasa. Ubao nyuma yako, watoto mbele. Msimamizi yuko pembeni na kompyuta, ndiye anayeamua nani apige soga na nani arushe karatasi. Chuo Kikuu cha Potsdam, Ujerumani, wana darasa la namna hii. Kule Marekani, Chuo Kikuu cha Central Florida walitengeneza TeachLivE: watoto wako kwenye skrini kubwa na nyuma yao kuna mtu halisi anayewasemea.

Mwanachuo mmoja alianza kwa kuandika ubaoni, darasa kalipa mgongo. Kelele zikapanda. Akageuka, "Nyamazeni!" Wakatulia kidogo, aliporudi ubaoni zikaanza upya. Mkono wake wa kulia ukawa unapapasa hewani, na sote tukajua anatafuta nini. Humo hamna fimbo! Tulicheka, lakini hapo ndipo nilipokikubali kifaa. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za 2002 zinasema viboko visizidi 4, na mchapaji ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Bado wanachuo wengi wanatufikia hawana mbinu nyingine.

Tukio likarudishwa mwanzo. Safari hii aliambiwa aandike akiwa amesimama kiubavu, macho yarudi darasani kila baada ya maneno machache, na soga ikianza amsogelee mhusika huku somo likiendelea. Darasa likatulia bila kufoka. Mwanasaikolojia wa elimu Mmarekani, Jacob Kounin, aliandika hayo mwaka 1970: utulivu hutokana zaidi na mwalimu kuwahi jambo kabla halijasambaa kuliko jinsi anavyokaripia. Darasani kwenyewe dakika ile huwezi kuirudia.

Sasa tatizo. Darasa la kwenye miwani lilikuwa na watoto 20 na kitu, kila mmoja na meza yake, njia pana. Kwangu wanabanana watatu watatu kwenye dawati, wa nyuma wameegemea ukuta. Huyo mhusika utamsogelea kwa kupita wapi? Kabla ya kulipa, waulizeni wauzaji kama wanaweza kuweka watoto 90, madawati yetu, na soga za Kiswahili. Wakishindwa, chukueni moja tu, iungeni na projekta wengine waone, na kwenye kompyuta akae mwalimu mzoefu, siyo fundi wa IT. Hela itakayobaki iwe nauli ya wakufunzi kufuatilia BTP, maana wengine wanakuja mara moja, wanajaza fomu, wanawahi basi.

Na mnunue vitambaa vya kutosha. Kwa joto hili la Tanga, watu watatu tu wakishaivaa, vioo vina ukungu na sponji inanuka jasho.