Ekari 10, viwanja 100? Saccos za wafanyakazi msichangishane kwanza

SWALI: Habari mtaalamu, mimi ni mwenyekiti wa saccos ya wafanyakazi wa kiwanda hapa Kibaha. Tumepata shamba ekari 10, kama kilomita 14 kutoka lami, bei nzuri sana. Kampuni ya upimaji inasema vitatoka viwanja 100 vya 20 kwa 20, kila mwanachama kimoja. Hiyo idadi iko sawa? Tuanze kuchanga?

JIBU: Salama mwenyekiti. Idadi haiko sawa. Ekari moja ni mita za mraba elfu 4 na kidogo, ukigawa kwa 400 unapata 10 kweli, ila aliyepiga hesabu hiyo hajaacha hata njia ya gari kupita. Toa barabara, mitaro, eneo la wazi na la huduma, theluthi inaondoka na mara nyingine zaidi, mkipata viwanja 60 na kitu mshukuru. Hao wengine 30 na ushee wanachangia nini?

Lakini kinachoniumiza zaidi ni hii imani kwamba shamba likiwa bei chee basi makazi ya mfanyakazi yamekuwa nafuu, naletewa kila siku na watu wenye nia njema kabisa. Jamani pigeni hesabu ya mwezi mzima. Mtu anaingia shifti saa 12 asubuhi, mwenzake anatoka saa 4 usiku, daladala huko hakuna, ni boda tu. Tuseme 3,000 kwenda na 3,000 kurudi, kwa siku 26 ni 156,000, na huko usiku boda atataka zaidi. Mshahara wa laki 3 unabaki na nini hapo? Atafanya wanavyofanya wote, atabaki kwenye chumba chake cha kupanga Maili Moja na kiwanja kitaota pori. Maji nayo msidanganyike, bomba la Ruvu Juu linatoka hapo hapo Mlandizi na linapita Kibaha kwenda Dar, ila kupita sio kufika kilomita 14 ndani, huko mtanunua maji ya boza.

Hata serikali iliwahi kukutana na hili. Ule mradi wa viwanja 20,000 wa Dar ulioanza 2002, viwanja vilipimwa vizuri na hati zikatoka, lakini nendeni mkaulize Buyuni, moja ya maeneo ya mradi huo, watu walikaa miaka mingapi wakisubiri barabara na maji ndio wajenge. Sasa linganisheni na maghorofa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, mfanyakazi alikuwa anatoka nyumbani anatembea mpaka kiwandani.

Kwa hiyo mimi ningewaambia tafuteni ekari 2 karibu na lami na kiwanda hata kama bei ya ekari ni mara kadhaa ya hiyo ya shamba, mjenge ghorofa la vyumba vyenye choo ndani, na kila mwanachama anaweza kupata hati ya sehemu yake kwa sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008. Ila kwanza waulizeni wanachama, maana vijana wengi wa shifti familia ziko mkoani, wanataka chumba safi chenye maji, sio kiwanja cha kujenga miaka 10.

Na hao wapimaji wa mitaani, nasema kwa saccos zote sio yenu tu, watu wanaibiwa sana. Wanakuja na mchoro wa rangi kwenye simu, shule imechorwa, zahanati imechorwa, halmashauri haijawahi kuuona na shamba bado ni la kilimo. Kuchomeka bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, sio kupima. Mchoro wa mipango miji uidhinishwe kwanza, ndio upimaji, ndio hati, na aliyeuchora awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji. Mwambie akupe namba ya mchoro, nenda nayo mwenyewe idara ya ardhi halmashauri ukaulize. Akikwambia namba itatoka mkishalipa nusu, msitoe hata mia.