Jibu: Intafesi ya Dante inawaka lakini kompyuta haiioni

Kaka, umeuliza mbona intafesi yako ya sauti ya mezani inawaka na kompyuta haiioni, na kama ile rauta ya waifai ya hapo studio Ntinda inatosha. Waifai sahau kabisa, Dante, yaani mfumo wa kupitisha sauti kwenye mtandao wa kompyuta, inatembea kwenye waya, tafuta kebo ya Cat5e au Cat6 na swichi ya gigabiti, na kama intafesi inakula umeme kupitia kebo hiyohiyo basi swichi iwe ya PoE, ukiingia maduka ya Kampala usikubali kuambiwa "zote sawa tu boss", soma mwenyewe. Na EEE, ile ya kubana umeme kwenye swichi, izime, inavuruga saa inayoviweka vifaa pamoja halafu unaanza kusikia tik tik katikati ya sauti ya mwimbaji.

Kutoonekana mara nyingi ni hivi: waifai ya kompyuta iko on na programu ya Dante inachungulia huko. Izime, fungua Dante Controller, programu ya kuunganisha vifaa (hiyo ni bure), chagua kadi ya mtandao ya waya, IP acha zijipange zenyewe. Dante Virtual Soundcard, ile inayoifanya kompyuta itume na kupokea sauti za Dante, ndiyo ya kulipia. Sampuli za sauti (sample rate) weka 48 kHz kwenye vifaa vyote, zikitofautiana hazitaungana hata ulie, kisha ndani ya Dante Controller bonyeza kwenye makutano ya chaneli mpaka tiki ya kijani itokee.

Ucheleweshaji wa sauti (latency) kwenye Virtual Soundcard anza na milisekunde 10, ukiona imetulia shuka 6 au 4, mwimbaji ajisikilize moja kwa moja kutoka intafesi yenyewe. Umeme wetu unaujua, UPS, ile betri ya akiba, ishike na swichi pia siyo kompyuta peke yake.