Maswali ya Wasomaji: Nyumba ya Kale Kisiwani, Mto Thames

SWALI: Salaam alekum ndugu mhariri. Sisi ni ndugu sita, tunaishi Reading, Uingereza. Tumevutiwa na nyumba kubwa ya enzi za Malkia Victoria inayouzwa kwenye kisiwa binafsi cha mto Thames, upande wa Weybridge. Kuingia ni kwa daraja la miguu tu. Dalali anasema maji hayajawahi kupita kizingiti. Tukague nini kabla ya kutoa pesa?

JIBU: Waalaikum salaam. Dalali anaweza kusema kweli na bado mkaumia. Nyumba nyingi za enzi hizo zina sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi, na chini yake kuna uwazi unaopitisha hewa kwa matundu ya ukutani. Mto ukifurika, maji huingia kwanza humo. Yanaweza kukaa wiki nzima bila kugusa kizingiti, huku yakiozesha miti inayobeba sakafu.

Kwa hiyo muombeni muuzaji ruhusa, mkaguzi wa majengo ainue mbao mbili tatu pembezoni mwa chumba na amulike kwa tochi. Anatafuta mstari wa tope kwenye miti hiyo, vichwa vya misumari vilivyoshika kutu kwa kimo kile kile chumba kizima, na matundu ya hewa yaliyozibwa kwa udongo. Juu ya sakafu, atazame kama soketi za umeme zimepandishwa, au kama mbao za chini ya ukuta ni mpya kuliko milango. Agizeni ukaguzi wa majengo wa ngazi ya 3 (Level 3), ulio wa kina kabisa. Ripoti fupi haifai kwa nyumba ya namna hii.

Majibu ya muuzaji yapateni kwa maandishi. Fomu ya TA6, ambayo muuzaji huijaza kuhusu mali na wakili wenu ataletewa, inauliza kama sehemu yoyote ya mali, bustani ikiwemo, imewahi kufurika. Ulizeni pia kwa miezi: Januari 2003, Februari 2014, Januari 2024. Thames ulifurika vibaya nyakati hizo.

Bima itafuteni mapema, kabla ya kubadilishana mikataba. Huko England, amana, kwa kawaida asilimia 10, hulipwa mikataba inapobadilishwa, na baada ya hapo kurudi nyuma ni hasara. Mpango wa Flood Re, uliopangwa kuendelea hadi 2039, husaidia nyumba zilizojengwa kabla ya 2009 zipate bima ya mafuriko kwa bei ya kuvumilika, lakini bima iwe kwa jina la mtu binafsi.

Daraja nalo lina maswali yake. Nani analimiliki, linabeba uzito gani, na mara ya mwisho mhandisi alikagua nguzo zake lini? Je, hatimiliki inawapa haki ya kupita na kuegesha gari upande wa pili? Haki hiyo isipoandikwa, mnanunua nyumba isiyo na njia. Kila mfuko wa chokaa, kila bomba la jukwaa la mafundi, utavushwa kwa mkono au kwa boti, na mafundi hutoza ipasavyo. Tena kazi nyingi ndani ya mita 8 kutoka ukingoni huhitaji kibali cha Environment Agency, mamlaka ya mazingira ya England. Kwenye kisiwa kidogo, mita 8 kila upande humeza karibu bustani yote.

Msisahau maji taka. Tangu Januari 2020 ni marufuku tangi la septiki kumwaga moja kwa moja mtoni. Kama tangi ni la aina hiyo, gharama ya mtambo mdogo wa kusafisha maji taka ipunguzwe kwenye bei. Na ardhi ikiwa imelowa chapa baada ya mafuriko, msilinyonye tangi mpaka likawa tupu: maji ya ardhini hulisukuma juu, likavunja mabomba.

SWALI: Kuta zina unyevu. Fundi amependekeza plasta ya saruji na vizuizi vya maji kila mlango. Ni sawa?

JIBU: Saruji hapana. Matofali ya zamani na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukizifunika kuta kwa saruji, maji hubaki ndani, chumvi husukuma plasta nje na mbao zilizoshikana na ukuta huoza. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaujua ugonjwa huu vizuri. Tumieni chokaa, na baada ya mafuriko fungueni madirisha, mkaushe kwa joto la polepole. Hita kali hupinda mbao na kupasua plasta.

Vizuizi vya mlangoni vinafaa hadi kimo cha takriban sentimita 60. Maji ya nje yakizidi hapo, yaacheni yaingie, kwa sababu uzito wake unaweza kubomoa ukuta. Na kwa sakafu ya mbao niliyoeleza, kizuizi cha mlango peke yake hakisaidii kitu. Maji yatapanda kutoka chini.

Kabla ya kazi yoyote, tafuteni bure mtandaoni kama nyumba imo kwenye orodha ya majengo ya urithi ya England. Ikiwemo, kuibadilisha bila kibali ni kosa la jinai. Hata mabadiliko haramu ya mwenye nyumba wa zamani, halmashauri inaweza kuwaamuru ninyi myaondoe.

SWALI: Tunaweza kuikodisha kwa harusi?

JIBU: Msichukue mkopo wa benki kwa kutegemea tumaini hilo. Richard D'Oyly Carte, mwenye Savoy Theatre ya London, alijenga Eyot House kwenye kisiwa hapo hapo Weybridge akitaka iwe tawi la hoteli yake. Alinyimwa leseni ya pombe, ikabaki makazi yake. Leo mtahitaji idhini ya halmashauri kubadilisha matumizi, na gari la zimamoto halivuki daraja la miguu.

SWALI: Tuandike majina yote sita, au tufungue kampuni?

JIBU: Hatimiliki ya England haipokei zaidi ya majina 4. Wakili aandike hati ya udhamini (declaration of trust) inayotaja fungu la kila mmoja wa sita.

Kampuni iepukeni. Tuseme bei ni pauni 3,000,000: ushuru wa stempu, yaani kodi ya kununua nyumba, ni pauni 273,750. Mmoja wenu akiwa tayari ana nyumba na hii si ya kuibadili ile anayokaa, huongezwa asilimia 5 ya bei yote, jumla 423,750. Kampuni isiyo na msamaha hulipa asilimia 17, yaani 510,000, pamoja na kodi ya kila mwaka, na msaada wa Flood Re mnaukosa.