Krediti 10 za Kifaransa: kwa wadogo zangu mnaoanza sekondari Ontario

Wadogo zangu mliotoka Bukavu, Uvira au Bujumbura, wengine mkapitia Nairobi na Kigoma kabla ya kufika Kanada: kama shule yenu ya Kiingereza ina programu ya immersion, yaani ya kusomea baadhi ya masomo kwa Kifaransa, isomeni hii kabla hamjajaza fomu ya masomo.

Diploma ya sekondari ya Ontario inadai krediti 30, na krediti moja ni saa 110 za darasani. Cheti cha immersion kinakuja juu ya diploma hiyo. Ili ukipate, krediti 10 kati ya zile 30 lazima ziwe za Kifaransa: 4 za somo la Kifaransa lenyewe, na 6 za masomo mengine yanayofundishwa kwa Kifaransa.

Zile 4 mtazipata bila shida. Zinazoangusha watu ni zile 6. Darasa la 9 una jiografia, la 10 una historia ya Kanada, unaona mambo yanakwenda. Ukifika la 11 masomo ya Kifaransa yanapungua, na yaliyobaki yanagongana na kemia au hesabu unazozihitaji kwa chuo. Mimi nilikuwa nimebakiza krediti moja, somo nililolitegemea likafutwa kwa sababu wanafunzi waliojiandikisha walikuwa wachache. Nikaacha somo la biashara nililolipenda sana ili nichukue jingine la Kifaransa. Bado linaniuma.

Jambo la pili linatuhusu sisi hasa. Kifaransa tulichokulia nacho ni mali, msikionee haya. Siku niliposema "nonante-deux" (tisini na mbili) darasani wote walinigeukia, maana wao husema "quatre-vingt-douze". Mwalimu aliwaeleza kwamba Wabelgiji na Wakongo ndivyo wanavyohesabu, na somo likaendelea. Lakini kuongea si kuandika. Insha yangu ya historia, juu ya sheria ya 1917 ya kuandikisha watu jeshini kwa lazima, ilirudi imejaa wino mwekundu. Nilikuwa nimeandika "la loi que le Parlement a voté" (sheria ambayo Bunge liliipitisha). Inatakiwa "votée", yenye "e" ya ziada kwa kuwa "loi" ni jina la kike. Kwa sikio hakuna tofauti yoyote, ndiyo maana sikuwa nimewahi kuijua. Tangu hapo kila insha niliipitia mara moja zaidi kwa ajili ya viambishi hivyo tu.

Kiingereza nacho msikiache nyuma. Mtihani wa kusoma na kuandika wa darasa la 10, ambao diploma inaudai, kwenye shule hizi hufanywa kwa Kiingereza.

Kama Kiingereza bado ni kizito kabisa, waambieni wazazi waulize pia shule za bodi za Kifaransa. Huko masomo karibu yote ni kwa Kifaransa, na zina kamati ya kupokea familia zinazohamia. Binamu yangu alipita huko na alitulia haraka kuliko mimi.

Darasa la 12 fanyeni DELF B2, mtihani wa kimataifa wa Kifaransa unaokupa cheti. Ina sehemu 4 za alama 25 kila moja. Unafaulu kwa 50, mradi hakuna sehemu uliyopata chini ya 5. Haiishi muda wake.

Na fomu za masomo zikitoka, nenda kwa mshauri na karatasi yenye mistari 10, umeandika mwenyewe krediti zipi unazo na zipi bado. Muulize moja moja: hili litafundishwa kweli mwaka ujao? Lisipofundishwa, nichukue lipi?