Mbwa akikatwa mguu, kutembea atajua mwenyewe, wewe pambana na mengine

Niseme mapema maana hapa ndo wengi wanapoumia: mbwa akikatwa mguu, anayelia ni mwenye mbwa. Mbwa mwenyewe akishatoka kwenye nusu kaputi na dawa zikapungua kichwani, anachowaza ni chakula kiko wapi na nani huyo anapita getini. Hakai chini akahesabu miguu. Kwahiyo kama daktari ashakwambia mguu hauokoleki na unajiuliza atatembeaje, tulia, kutembea atajua mwenyewe tena mapema kuliko unavyodhani. Kazi yako nyumbani ni kumzuia asifanye fujo kabla kidonda hakijafunga, kumlinda na maumivu, na kuangalia sakafu yako ikoje.

Wangu anaitwa Bosi, koko tu wa hapa Nyakato, Mwanza, kilo ishirini na kitu. Aligongwa na bodaboda barabara ya Musoma, mguu wa mbele wa kushoto ukasagika karibu na kiwiko na mishipa ya fahamu ikafa, ukawa unaburuzika tu, anajichubua vidole kila akipiga hatua na wala hasikii. Daktari wa mifugo akasema mguu wa hivyo hata mfupa ukiunga bado utabaki kuwa mzigo na kidonda kisichopona. Tukakubali ukatwe. Alafu usishtuke ukikuta wameutoa wote mpaka begani wakati ulioumia ni chini, mara nyingi ndo wanavyofanya, kwasababu kipande kikibaki mbwa atataka kukikanyagia na kitakuwa kinachubuka milele.

Siku mbili tatu za mwanzo zinatisha kuliko zote, nakwambia ukweli. Manyoya yamenyolewa nusu ya mwili, mshono mrefu, na kwa wale wa mguu wa mbele utaona ngozi ya kifuani inageuka zambarau hadi tumboni. Ile ni damu iliyovilia inashuka chini, inafifia yenyewe. Kuna kitu kingine kinatisha watu, uvimbe laini kama umejaa maji sehemu ya chini ya mshono. Kama hauna joto, haumuumi na hautoi harufu, mara nyingi ni majimaji tu na mwili unayanyonya taratibu, piga picha umtumie daktari ila usije ukachukua sindano ukaanza kunyonya mwenyewe, utaingiza uchafu sehemu iliyokuwa safi. Cha kukimbilia daktari ni hiki: damu inayodondoka haikati, mshono umeachia, usaha, harufu, fizi zimekuwa nyeupe, anahema kwa shida, au siku mbili zimepita hagusi chakula kabisa. Ukiwa na kipimajoto cha njia ya haja kubwa jua kwamba joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38 na 39.2, kwahiyo usimlinganishe na wewe ukadhani ana homa.

Kukosa choo siku tatu nne wala sio ajabu, alifungishwa njaa kabla ya upasuaji na zile dawa kali za maumivu zinafunga tumbo. Kulialia usiku pia kupo, na hapo usibahatishe, inaweza kuwa maumivu na inaweza kuwa dawa inamchanganya kichwa, piga simu uliza.

Sasa dawa. Hapa naomba tuelewane kabisa. Usimpe mbwa dawa ya maumivu ya kwako. Sio Panadol, sio brufeni, sio diklofenaki. Najua duka la dawa liko hapo hapo kona na muuzaji atakukatia vidonge bila swali, lakini hizo brufeni na diklofenaki zinamtoboa mbwa tumbo na kuua figo, na Panadol inaharibu ini. Kuna dawa za jamii hiyo hiyo ya brufeni zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, meloksikamu na kaprofeni, hizo daktari anakupa kwa kipimo cha uzito na unampa akiwa ameshakula. Ukiona anatapika au kinyesi kimekuwa cheusi kama lami, simamisha na umpigie daktari. Kama ameandikiwa gabapentini, dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu, isiwe ya maji ya binadamu mpaka daktari aione chupa, maana baadhi zina sukari ya kutengeneza inaitwa zailitoli ambayo kwa mbwa ni sumu. Na umalizie dozi hata kama anaruka ruka, anaruka kwasababu dawa inafanya kazi.

Majirani watakuja na dawa zao. Kwetu alikuja bibi mmoja tunamheshimu sana mtaani, akamtazama Bosi akasema mjukuu wangu mpake oili chafu hapo, inzi hawatamgusa. Nikamjibu sawa bibi, asante, na sikupaka. Oili chafu, majivu, unga wa betri, mafuta ya breki, spiriti, vyote hivyo viache. Kidonda cha upasuaji kilichoshonwa vizuri kinataka kuwa kikavu na kuachwa, basi. Kama pembeni pamechafuka, chemsha maji, weka chumvi kijiko cha chai kwa nusu lita, yapoe, futa kwa pamba pembeni ya mshono sio juu yake. Kuogesha hakuna mpaka nyuzi zitolewe, na hizo zinatolewa kati ya siku ya 10 na ya 14 daktari akishaangalia.

Ila kuhusu inzi bibi alikuwa na hoja. Mwanza hii ukikaa karibu na wanaoanika dagaa unajua inzi ni wangapi, na inzi akitaga kwenye kidonda kesho yake una funza. Sisi tulichofanya, tulitoa kile chandarua cha mtoto cha mwavuli, kile kinachofunguka, Bosi akawa analala humo ndani sebuleni. Watoto walicheka wee. Mwanzoni alikuwa anakipiga kichwa, baadae akawa anasubiri afunikwe. Kama hulali na mbwa ndani ya nyumba (wengi hatulali nao, najua) basi kwa hizi wiki mbili kubali yaishe, nje hapana, banda la nje lina vumbi na kupe na usiku akisikia mbwa wa jirani anabweka atataka kuruka.

Na koni ya shingoni, ile ya kumzuia asilambe mshono, asivuliwe. Kama hamna ya kununua, ndoo ndogo ya plastiki inatosha, kata kitako, ukingo uliokata uuzungushie kitambaa na soleitepu usimkate shingo, toboa matundu upitishe kamba ya mkanda wake. Iwe ndefu imzidi pua kidogo. Mbwa akilamba mshono dakika tano tu usiku anaweza kufungua kazi yote ya daktari, na ulimi wake sio dawa, hiyo ni hadithi.

Sakafu. Hapa ndo ningekushika mkono kabisa nikuonyeshe. Nyumba zetu siku hizi ni tailizi kila mahali, na tailizi kwa mbwa wa miguu mitatu ni adui. Mbwa wa miguu minne mmoja ukiteleza mitatu inamdaka, huyu wako ukiteleza mmoja kaanguka chini kifua kwanza, na akianguka mara mbili anakataa kutembea, alafu wewe unadhani mguu unamuuma kumbe anaogopa sakafu. Bosi alikuwa anasimama kwenye kapeti anaangalia jikoni, anaweka unyayo kwenye tailizi, anaurudisha. Nilienda Mlango Mmoja nikatafuta vipande vya kapeti za mtumba, zile zenye mpira chini zisizokimbia, nikapanga njia kutoka anapolala mpaka kwenye chakula mpaka mlango wa uani. Tatizo likaisha siku hiyo hiyo. Kata na kucha zake, kucha ndefu zinanyanyua unyayo na kumpunguzia kushika, na kama ana manyoya katikati ya vidole yapunguze.

Kumsaidia kusimama tumia khanga. Ikunje iwe upana wa kiganja, ipitishe chini ya kifua kama aliyekatwa ni wa mbele, chini ya tumbo karibu na nyonga kama ni wa nyuma, shika ncha mbili juu ya mgongo. Isipite kwenye mshono, na kama ni dume angalia usimbane sehemu za mkojo. Humbebi, unamdaka tu asianguke. Siku za kwanza ni kutoka, kukojoa, kurudi, kisha unaongeza dakika tano tano mara kadhaa kwa siku. Watu wanakosea wakimuona anakimbia wanasema huyu kapona. Kwa mbwa wa miguu mitatu kukimbia ni rahisi kuliko kutembea pole pole, kutembea pole pole ndo kunataka balansi, kwahiyo mfungie kamba fupi mtembee kizee. Na sio saa saba mchana. Kuruka ruka kule kunamchosha, na kwa jua letu anaishiwa pumzi haraka, toka nae asubuhi mapema au jioni.

Kama unakaa mlimani, Mabatini huko, Igogo, Isamilo, kwenye njia za mawe, ujue mbwa aliyekatwa mguu wa mbele anateseka kushuka kuliko kupanda, wa nyuma ni kinyume chake, anapata shida kupanda. Sababu ni kwamba miguu ya mbele ndo inabeba kama asilimia 60 ya uzito wa mbwa, sasa wa kwako ule mmoja uliobaki unabeba peke yake na wakati wa kushuka au kuruka kutoka juu ndo unapokea kishindo chote. Ngazi mbili tatu za barazani weka ubao mpana, upigilie gunia juu asiteleze. Na bakuli la chakula linyanyue, weka juu ya ndoo uliyoigeuza, asiwe anainama amelalia mguu mmoja.

Chakula, siku mbili za kwanza anaweza kugoma. Mpashie kidogo, harufu itoke, mchuzi wa sato usiotiwa kitunguu, yai la kuchemsha, dagaa. Mifupa ya sangara toa yote, vichwa vya mapanki, yale mabaki ya sangara minofu ikishatolewa, vina miiba ya kumtoboa. Akishapona sasa, hapo punguza, na hili nalisema kwa ukali kidogo kwasababu naona huruma zinavyoua: mnamuonea huruma, mnamjazia ugali, anakuwa pipa, alafu ile miguu mitatu inabeba uzito wa mbwa wawili. Ukipitisha kiganja ubavuni bila kubonyeza unatakiwa usikie mbavu. Husikii? Punguza ugali.

Mkojo. Bosi ni dume, siku ya kwanza uani akanyanyua mguu wa nyuma kama kawaida yake, akabaki na miwili, akala mweleka kwenye ukuta. Akanyanyuka, akatazama pembeni kama hakuna aliyemuona. Kwa muda akawa anakojoa ameinama kama jike, sasa hivi anaegemea ukuta. Hakuna aliyemfundisha.

Kitu ambacho watu hawaambiwi ni maumivu ya mguu usiokuwepo. Mbwa amelala vizuri ghafla anapiga ukelele anageuka kuangalia upande uliokatwa, au unaona msuli pale begani unacheza kama anachimba. Sio mapepo, mishipa iliyokatwa bado inapeleka taarifa kwenye ubongo. Mwambie daktari, ndo moja ya sababu ya ile gabapentini, na kwa wengi inapungua kadri wiki zinavyoenda. Mshono ukishafunga kabisa, kumkanda taratibu bega la upande wa pili na mgongo kunamsaidia sana maana misuli hiyo inafanya kazi ya ziada.

Kuogelea je? Ni kweli ni zoezi zuri, maji yanambeba na misuli inakua. Ila ziwa letu tunalijua. Kwanza nyuzi ziwe zimeshatoka na kidonda kimefunga, pili Ziwa Victoria lina kichocho na wewe utakayeingia nae ndo utakipata, tatu kwenye matete kuna mamba na mbwa anayeogelea kwa kuyumba ni chakula. Mimi Bosi simpeleki, anatembea nyasi za uwanjani inatosha, kutembea kwenye nyasi ndefu au mchanga mlaini ni zoezi tosha.

Mguu wa bandia naulizwa sana. Kama umekatwa hadi begani au nyongani hakuna pa kuufunga, na hata hivyo mbwa wengi hawauhitaji. Hiyo pesa peleka kwenye chanjo ya kichaa na dawa ya kupe. Na hapo kwenye kupe, kama wa kwako alikatwa mguu wa nyuma, sikio la upande ule hawezi tena kujikuna, kupe wanajazana huko. Kila jioni mkune wewe, na ukimkuna funua sikio uangalie ndani.