Mama ana figo hatua ya 4, mchana atafune nini?

SWALI: Habari za kazi dokta. Mama yangu ana miaka 61, ana sukari ya muda mrefu, sasa figo zimefika hatua ya 4 ila hajaanza kusafishwa damu. Juzi potasiamu, yale madini ya kwenye damu, imesoma 5.7 yaani iko juu, wakamwambia apunguze potasiamu ndo basi. Chipsi na soda tulishaacha, tunampa ndizi mbivu, karanga na dafu moja kila siku maana tumesikia linasafisha figo. Mbona inapanda?

JIBU: Pole na kuuguza dada. Mi ni mtu wa lishe tu, dokta mniite kwa heshima 😄

Dafu lisimame leo. Halisafishi figo, kikombe kimoja tu kina kama miligramu 600 za potasiamu na dafu zima linazidi hapo, ongeza ndizi ya 400 na kitu na hizo karanga (zina fosforasi pia, madini mengine ambayo figo iliyochoka haiyatoi vizuri), figo iliyochoka haiwezi kuitoa yote inabaki kwenye damu, na ikizidi inavuruga mapigo ya moyo bila hata kuumwa popote. Yani mmempa vitu vizuri kabisa, ila vizuri kwa wewe mwenye figo nzima. Ubuyu, tende, parachichi na juisi ya chungwa viko kundi hilohilo.

Sasa atafune nini. Bisi za kupika nyumbani bila chumvi, hata vikombe viwili. Tufaha dogo, au vipande vichache vya nanasi, au zabibu mbichi kiganja, moja kati ya hivyo sio vyote maana kuna sukari hapo. Kitumbua kimoja au andazi dogo sio dhambi, ila kichachuliwe kwa hamira, baking'i pauda nyingi zina fosfeti, yaani fosforasi ileile, na tui liwe jepesi. Akililia muhogo menya, katakata vidogo, chemsha kwa maji mengi, mwaga, weka mengine uchemshe tena, potasiamu inapungua haiishi, kwa hiyo vipande viwili vitatu. Wa kuchoma hapana, pale hakuna kilichotoka.

Kuna mtego wa chumvi za dukani zilizoandikwa zina sodiamu kidogo, nyingi wameweka potasiamu badala yake, soma pakiti. Bora limau na pilipili. Mbirimbi na achari yake asiguse, ile oksaleti, kemikali ya asili iliyomo humo, inaumiza figo.

Sukari ikimshuka ghafla msikimbilie juisi ya chungwa kama wengi tulivyozoea, mpeni glukosi ya unga au sukari kwenye maji kidogo.

Na hiyo 5.7 msiikalie, rudini irudiwe wiki hii na mbebe pakiti za dawa zake zote, dawa zingine za presha zinapandisha potasiamu. Msimwachishe wenyewe lakini, daktari ndo aamue. Akija kuanza kusafishwa damu nitafute tena, hapo protini inabidi iongezwe na hii orodha inabadilika.